Miguu Inayowaka na Karai la Maji Moto

Habari ya karai nimeisema hadi manesi wa kliniki yetu wananiigiza. Leo mtaisikia tena.

Ukiwa na sukari na miguu inawaka usiku, mshauri wa kwanza ni jirani: chemsha maji, tia chumvi, tumbukiza miguu. Mzee mmoja wa huku Eastlands, Nairobi, alikaa na karai lake mbele ya televisheni hadi taarifa ya habari ikaisha. Binti yake ndiye aliyeona vidole vimetoka malengelenge, maji bado yanafuka mvuke. Mzee anashangaa: "Mbona mimi nayasikia vuguvugu?" Kidonda kikaoza, kidole gumba kikakatwa.

Mtaniuliza: "Daktari, mguu unaowaka utakosaje kusikia moto?" Neva za mguuni ndizo ndefu kuliko zote, zinatoka mgongoni hadi ncha ya kidole. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaziharibu pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha. Ndiyo maana huanza vidoleni, miguu yote miwili, kisha ganzi ikapanda kama umevaa soksi. Neva iliyoumia ni shahidi wa uongo. Hakuna moto, inapiga kelele moto! Moto ukija kweli, imenyamaza. Kwa hiyo wewe unayeniambia maumivu yameisha yenyewe na sukari bado iko juu, 15 kwenye kipimo, usikimbilie kutoa sadaka ya shukrani. Huenda neva imekufa.

"Lakini maji yananipa usingizi." Sawa, mama, oga. Yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko au umwite mjukuu ayapime, usikae humo, na ukaushe katikati ya vidole.

Dawa niziseme mbiombio, naona mwenyekiti anatazama saa. Zile dawa za maumivu, diklofenaki, mnazonunua kemisti hazisaidii sana maumivu haya, na zinatwanga figo ambazo sukari tayari inazitwanga. Zinazotuliza neva ni kama amitriptilini, duloksetini na pregabalini. Mwingine akisikia amitriptilini anakasirika: "Daktari ananipa dawa ya wazimu!" Hapana, baba. Kwa kipimo kidogo usiku inatuliza neva, ila uipe wiki kadhaa, usiitupe siku ya tatu. Na usimeze ya jirani. Mwenye ugonjwa wa moyo au tezi dume aseme kwanza. Anayetumia metformini, ile dawa ya sukari, miaka mingi aombe apimwe vitamini B12, ikipungua nayo huleta ganzi. Hizi dawa za neva zinapunguza maumivu tu. Neva inalindwa na sukari kushuka, na pombe na sigara mnajua nitakachosema.

Viatu vya mitumba vya soko la Gikomba sina ugomvi navyo. Tia mkono ndani kabla ya kuvaa, usake msumari na kokoto.

Sasa nina huu uzi wa nailoni wa kupima kama mguu bado unasikia, ukiugusisha unyayoni unasukuma kwa gramu 10 tu. Vueni viatu na soksi. Hata wewe mzee wa nyuma pale, nimekuona unavyojificha.