Kwenye Olimpiki, Soka Kamili ni la Wanawake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nina hoja moja tu leo, na nitaisema mapema ili mpate muda wa kuibishia: kwenye Michezo ya Olimpiki, mashindano makubwa ya mpira wa miguu ni ya wanawake. Ya wanaume ni ya vijana.

Sisemi hivyo kwa kuwapendelea dada zetu. Kanuni ndizo zinazosema. Tangu mwaka 1992 timu za wanaume hupeleka vijana wa chini ya miaka 23, na tangu 1996 zinaruhusiwa kuongeza wachezaji watatu waliopita umri huo. Wanawake hawana kikomo cha umri. Anayeshuka uwanjani ni yule yule anayecheza Kombe la Dunia, na medali anayoitafuta haipungui thamani mbele ya kombe hilo.

Zamani haikuwa hivi. Uruguay walipotwaa dhahabu mwaka 1924 na tena 1928, Kombe la Dunia lilikuwa bado halijaanzishwa, na bingwa wa Olimpiki ndiye aliyehesabiwa mbabe wa dunia. Kombe likaanza 1930. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Los Angeles ikafanyika bila soka kabisa. Kwa miongo mingi mashindano yakabaki ya wachezaji wa ridhaa, na wanaolipwa walipofunguliwa mlango mwaka 1984, FIFA haikutaka kuona Kombe la Dunia la pili likizaliwa. Kikomo cha umri kilitokana na hofu hiyo.

Halafu kuna suala la klabu. Mwaka 2008 Barcelona walipinga kumwachia Lionel Messi, kesi ikafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mahakama ikasema klabu hailazimiki. Mwishowe walimruhusu, akaenda Beijing, na Argentina ikaifunga Nigeria 1-0 kwenye fainali. Lakini sheria ilibaki pale pale: kocha wa wanaume anapanga kikosi huku akibembeleza klabu. Kwa wanawake, mashindano haya yamo kwenye kalenda rasmi ya FIFA, na klabu inapaswa kumwachia mchezaji wake.

Msinielewe vibaya. Hakuna Mwafrika anayepaswa kuidharau dhahabu ya Nigeria ya 1996: nyuma kwa 3-1 mbele ya Brazil katika nusu fainali, Kanu akasawazisha dakika za mwisho kisha akafunga bao la dhahabu, yaani bao la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo, na fainali Amunike akawamaliza Argentina, 3-2. Cameroon wakafuata mwaka 2000. Ninachosema ni kwamba siku mbili tu kabla ya fainali ile ya Nigeria, kwenye uwanja ule ule, Athens ya jimbo la Georgia, Marekani na China zilikuwa zimecheza fainali ya kwanza ya Olimpiki ya wanawake mbele ya watu zaidi ya 76,000. Timu za wanawake mwaka huo zilikuwa nane. Za wanaume, 16.

Pengo hilo lilikaa muda mrefu mno. Hata Paris 2024 wanawake walikuwa timu 12 na wanaume bado 16, na Afrika ilikuwa na timu nne za wanaume na mbili tu za wanawake, Nigeria na Zambia.

Nataka tukae kidogo na hao Zambia. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, mshambuliaji wao Barbra Banda alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, kisha matatu mengine dhidi ya China katika mechi iliyofuata. Mechi ya kwanza walifungwa 10-3, ya pili wakatoka sare 4-4. Kwenye Olimpiki ya Paris, katika mechi iliyochezwa mjini Nice, akafunga tena matatu dhidi ya Australia. Zambia ilikuwa mbele 5-2 kipindi cha pili, ikapoteza 6-5. Watu walisema ulinzi mbovu, na kweli ulikuwa na matundu. Lakini tazameni pia ratiba: mechi za makundi zilichezwa tarehe 25, 28 na 31 Julai. Kikosi kilikuwa wachezaji 18. Ukiwatoa makipa wawili unabaki na 16 wa ndani, na wa akiba nje ya hao 18 aliruhusiwa kuingia kikosini tu mwenzake akiumia. Mataifa yenye ligi tajiri yana benchi linalokaribia kulingana na kikosi cha kwanza. Timu inayobebwa na nyota wawili watatu, miguu ikishachoka, inaliwa dakika za mwisho.

Sasa habari njema. Los Angeles 2028 wanawake watakuwa timu 16 na wanaume 12. Ni mara ya kwanza wanawake kuwazidi, na ni katika jiji lile lile ambalo mwaka 1932 halikuwa na soka hata kidogo. Nimefurahi sana, na sioni haja ya kuificha furaha hiyo. Ila kuongeza timu bila kupanua vikosi ni kuwaita wageni zaidi kwenye ratiba ile ile ya kuua. Kombe la Dunia la wanawake la 2023 lilikuwa na vikosi vya wachezaji 23, na sijasikia sababu ya kimpira inayoizuia Olimpiki kufanya hivyo. Mashirikisho yetu yana viti kwenye mikutano inayoamua mambo haya. Hilo ndilo ningependa walipeleke mezani kabla ya 2028.