Stima Imepotea, Mwalimu!

ATUPELE: Wasikilizaji wetu, habari za huko mliko. Sisi tuko Mbeya, Soweto, mvua inanyesha, na hilo mnalosikia ni bati, siyo makofi. Mimi Atupele, mwenzangu ni yuleyule, kaka Otieno. Leo nimemkalisha kitako asimulie miaka yake miwili ya kujitolea kule kwetu Rungwe. Kila siku ananiahidi.

OTIENO: Sikukuahidi, dada Atu. Ulinitisha.

ATUPELE: Kwa wageni: kaka ni mtu wa Kisumu, Kenya. Alikuja kufundisha hisabati na fizikia kwenye shule ya kata, nusu saa kwa bodaboda kutoka Tukuyu mjini. Tuanze na bibi.

OTIENO: Tusianze na bibi.

ATUPELE: Tunaanza na bibi.

OTIENO: Haya. Wiki ya tatu, ofisi ya walimu, saa nne, muda wa chai. Simu inaita, napokea, nafurahi, nawageukia wenzangu: "Bibi yangu amepata kazi benki!" Kimya. Mwalimu wa taaluma akaweka kikombe chini taratibu. "Bibi ana miaka mingapi?" Nikasema ishirini na saba. Akafikiri, akauliza tena, "Mzaa baba au mzaa mama?"

ATUPELE: [anacheka] Mungu wangu.

OTIENO: Kwetu bibi ni mke. Bibi wenu nyinyi, sisi tunamwita nyanya.

ATUPELE: Na nyanya kwetu inaingia kwenye mchuzi.

OTIENO: Basi nilivyojaribu kueleza kwamba bibi si nyanya, ndiyo nikaharibu kabisa. Mpaka naondoka, walimu wananiuliza, "Nyanya hajambo?"

ATUPELE: Ila mgeni akikosea kidogo watu wanamvumilia, si ndiyo?

OTIENO: Mgeni yupi? Hapo ndipo pana shida yangu. Shule ile, kabla yangu, alikuwepo kijana wa Kimarekani, wa Peace Corps, lile shirika la Marekani la watu wa kujitolea. Aliondoka Machi 2020, korona ilipoingia na wote wakarudishwa kwao dunia nzima. Yule, wananiambia, akisema "shikamoo" stendi, watu wanapiga makofi, mama muuza ndizi anamwongeza mbili. Mimi siku ya kwanza nimeshuka kwenye kosta, nimemwona mzee amekaa kwenye benchi, nikamwambia, "Sasa, mzee!" kwa nia njema kabisa. Hakujibu. Akamgeukia jirani yake: "Huyu kalelewa wapi?"

ATUPELE: Kwa sababu unafanana na sisi.

OTIENO: Nafanana na nyinyi na Kiswahili nakijua! Mzungu akikosea, hajui. Mimi nikikosea, sina adabu.

ATUPELE: Lakini kweli, "sasa" kwa mzee, kaka...

OTIENO: Nilijirekebisha. Nikajifunza na salamu ya Kinyakyusa, "ugonile", na asante yao, "ndaga fijo". Yule mzee alikuja kuwa rafiki yangu, ila ilichukua mihula miwili na kilo kadhaa za sukari.

ATUPELE: Peace Corps huku ni watu wa siku nyingi. Kundi la kwanza lilikuja Tanganyika 1961, na hata hawakuwa walimu, walikuwa wapima ardhi, wahandisi, watu wa miamba. Walimu wakafuata. Wazee wengi wa Rungwe watakwambia, "Mimi fizikia nilifundishwa na Mmarekani." Na wewe ukapewa nyumba ya huyo wa mwisho.

OTIENO: Nyumba ya walimu, vyumba viwili, choo nje, ukipika kwa mkaa unafungua dirisha, ukifungua dirisha ukungu unaingia ndani kama mtu aliyealikwa. Mimi nimetoka Kisumu, dada. Kisumu unalala bila shuka. Tukuyu nilifua soksi Jumamosi, Alhamisi bado mbichi. Kuta za ile nyumba zilikuwa na vikaratasi. Mlangoni kimebandikwa "mlango". Dirishani, "dirisha". Kwenye sufuria alama ya gundi tu, karatasi imeungua. Nilicheka sana usiku ule. Nikasema, masikini, huyu mtu alikuwa anasoma nyumba yake.

ATUPELE: Ukavibandua?

OTIENO: Ngoja. Mwezi wa pili hivi, niko darasani jioni, vijana wa kidato cha nne wanajisomea, taa zikazimika. Nikasema kwa sauti ya utulivu, ya kiuongozi: "Msijali, stima imepotea."

ATUPELE: Yaani meli.

OTIENO: Gizani nikasikia sauti moja, nyuma kabisa: "Imepotelea Ziwa Nyasa, mwalimu?"

ATUPELE: [anacheka] Huyo mtoto apewe cheti.

OTIENO: Darasa lilivunjika. Nikarudi nyumbani, nikawasha tochi ya simu, nikachukua karatasi, nikaandika "UMEME", nikabandika juu ya swichi. Pembeni ya vya Mmarekani. Nyumba ile ikawa na vikaratasi vya watu wawili. Baadaye nikaongeza "mke" pale nilipoweka picha ya nyanya.

ATUPELE: Nyanya tena! Haya, darasani. Sekondari huku tunafundisha kwa Kiingereza, na wewe ni Mkenya, ulikuja kifua mbele.

OTIENO: Nilikuja kifua mbele. Kidato cha kwanza nimeingia, nimefundisha dakika arobaini, Kiingereza kinatiririka. Watoto wametulia, nadhani wameelewa. Nikauliza swali. Hakuna mkono. Sikuwa nimefikiria kwamba hawa wamesoma miaka saba yote kwa Kiswahili, halafu Januari moja lugha inabadilishwa. Nikasema sawa, nieleze kwa Kiswahili. Nikakwama mimi! Hesabu nimezisoma kwa Kiingereza tangu mdogo. Sijui mzingo, sijui kipenyo, sijui kipeo cha pili. Nimesimama na chaki, nimeandika mabano, kuzidisha, kutoa, nauliza tunaanza na nini. Binti mmoja mbele akasema kwa huruma, "Mwalimu, si magazijuto?"

ATUPELE: Hukuijua magazijuto?

OTIENO: Nilidhani ni kijiji.

ATUPELE: Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mtoto wa darasa la tano anaijua usingizini.

OTIENO: Ndiyo hivyo walivyonifundisha, kwa kuimba, darasa zima, kidato cha kwanza wanamfundisha mwalimu. Tangu siku ile tukakubaliana: mimi nawapa neno la Kiingereza, wao wananipa la Kiswahili, tunaandika yote mawili ubaoni. Mkuu wa shule alipita dirishani, akatazama ubao, akaendelea na safari yake. Sijawahi kujua alifurahi au alikasirika.

ATUPELE: Na mvua?

OTIENO: Mvua ya Rungwe ikianza kwenye bati, kipindi kimekwisha. Unafungua mdomo, wanaona meno tu. Kuanzia Machi mpaka Mei nilijifunza kufundisha kimya: naandika, nageuka, nanyoosha kidole kwa mtu, anakuja ubaoni, anakokotoa, tunaitikia kwa vichwa. Nakwambia ukweli, wengine walielewa zaidi nikiwa sisikiki.

ATUPELE: Posho?

OTIENO: Posho ilikuwa inachelewa, waliotuma wanajijua, tupite. Ndizi na maharage nililetewa na majirani. Dagaa wa Nyasa nilikula, wazuri, ila omena ya kwetu... basi, niko kwenye mkoa wa watu.

ATUPELE: Nyamaza hivyohivyo. Ya mwisho: uliporudi Kisumu kusalimia?

OTIENO: Nimeingia hoteli moja karibu na stendi, asubuhi, nina njaa. Nikasema kwa upole, kama mlivyonizoeza, "Samahani dada, naomba chai na chapati mbili." Yule dada akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Akasema, "Hapa hatuombwi. Uko na pesa ama huna?"