Nani Alishinda Vita vya Mjerumani Afrika Mashariki?

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, vijana, shikamooni na habari za jioni.

Orodha ya washindi wa vita hivyo, vya 1914 hadi 1918, mnaijua, sina haja ya kuikariri yote. Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, aliyeongoza jeshi la Mwingereza, na Makaburu wake waliingia Moshi Machi 1916. Dar es Salaam ikaanguka Septemba 4 mwaka huohuo, na Wabelgiji wakaiteka Tabora Septemba 19. Mreno naye alikuwa kule Rovuma. Vita vilipokwisha kila mmoja alidai fungu lake na akapewa: Mwingereza Tanganyika, Mbelgiji Rwanda na Urundi, Mreno ile pembe ya Kionga. Hiyo ndiyo hesabu ya sifa mpaka leo, na mimi nitaendelea kuipinga, kwa sababu waliohesabiwa ni majenerali na bendera. Unga haukuhesabiwa.

Naomba tuuhesabu sasa hivi, polepole. Mwenye kalamu aandike.

Mpagazi mmoja hubeba kama kilo 25 kichwani, mbali na blanketi lake. Posho yake ni kama kilo moja ya unga kwa siku. Hakuna anayempikia njiani, kwa hiyo anakula kutoka kwenye mzigo uleule anaoupeleka. Akienda mwendo wa siku tano na kurudi siku tano, amekula kilo 10 na kufikisha 15. Kikosi cha askari 1,000 kinachokula kilo 1,000 kwa siku kinahitaji wapagazi 67 wafike kila siku. Kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku kumi, jumla ni kama wapagazi 670. Bado hali si mbaya.

Sasa isogeze kambi iwe mwendo wa siku kumi. Mpagazi anakula 20, anafikisha 5. Lazima wafike 200 kila siku, na kila mmoja yuko safarini siku 20. Hao ni wapagazi 4,000. Isogeze siku mbili tu zaidi, ziwe kumi na mbili. Anakula 24, anafikisha kilo moja. Sasa unataka wapagazi 24,000 kwa askari 1,000! Ukifika siku ya kumi na tatu mzigo umekwisha kabla mwenyewe hajarudi kwake. Na hapo sijaweka risasi, sijaweka dawa, bunduki za rashasha, mahema ya maofisa wala wagonjwa wanaorudishwa kwa machela, ambao nao wanahitaji mabega na wanahitaji kula.

Mtu wa ugavi ataniambia: weka vituo vya kupokezana. Hoja nzuri, na vituo viliwekwa. Kwenye karatasi, ukiwa na vituo vya mwendo wa siku mojamoja kwa safari ile ya siku kumi, wale 4,000 wanashuka hadi kama 1,300, maana mpagazi harudi mbali akila bure. Lakini kituo kinataka paa, walinzi na njia inayopitika, na zaidi ya yote kinataka jeshi litulie. Jeshi la Mwingereza lilikuwa linamfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutotulia. Kituo kikimalizika kujengwa, kikosi kimeshahama. Halafu zikaja mvua za mwanzo wa 1917 pale Rufiji. Unga ulilowa, ukavunda kwenye magunia, na askari wa Nigeria waliokuwa mbele wakakaa kwa posho iliyopunguzwa wakachimba mizizi. Ugavi wote uliwategemea wapagazi, na wapagazi walikuwa wanakufa.

Walikufa kwa nini? Hapa naomba msikimbilie risasi. Tazameni chungu. Mtu amefika kambini jua likizama, amelowa. Amepewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, una chenga. Kuni mbichi, chungu kimoja kwa watu wengi, na moto ukionekana usiku ni hatari. Anakoroga, hakijaiva, anakula hivyohivyo. Chenga mbichi inachubua utumbo, anaanza kuhara, kisha anahara damu. Sasa hata chakula kizuri hakimkai tumboni, na kesho asubuhi kilo 25 zinamngoja. Waganda waliozoea ndizi waliumizwa mno na mahindi haya. Watu wa nyanda za juu walishushwa kwenye malaria ya pwani wasiyowahi kuishi nayo, wakiwa na blanketi moja, na kichomi kikawamaliza. Baadaye, vyakula vilipopikiwa katika majiko ya kambi na unga ukasagwa vizuri, vifo vilipungua. Maana yake ni kwamba vingi vingeweza kuzuilika tangu siku ya kwanza, na jambo hilo linaniuma kila ninapolisema.

Kwa upande wa Mwingereza peke yake waliandikishwa wapagazi na vibarua wanaofikia milioni moja hivi kwa kipindi chote cha vita, na waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 95,000. Kongo ya Mbelgiji ilitoa zaidi ya 200,000. Wote hao ni kabla ya kumtaja Mjerumani, ambaye wa kwake hakujisumbua hata kuwaandika.

"Lakini walilazimishwa," naambiwa kila mara, "sifa ya ushindi haiwezi kuwa ya mtu aliyekokotwa." Kweli walikokotwa. Sheria ya kuwakamata ilipitishwa Kenya 1915, mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na mwaka 1917 chini ya John Ainsworth, ofisa wa Mwingereza aliyesimamia uandikishaji, wakasombwa zaidi ya 100,000 kwa miezi michache. Ila niambieni, kijana wa Manchester aliyepelekwa Ufaransa kwa sheria ya 1916 ya kuandikisha askari kwa lazima alikwenda kwa hiari? Mbona jina lake limechongwa kwenye jiwe na hakuna anayeuliza kama alilazimishwa? Kipimo kiwe kimoja.

Sasa Afrika Kusini. Nitasema waziwazi kwamba imepewa sifa kuliko stahili yake. Smuts alileta farasi katika nchi ya mbung'o, na farasi wakafa kwa maelfu. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu kilianza Februari 1916 na watu 1,135. Kufikia Oktoba wazima walikuwa 116. Mwisho wa mwaka askari weupe kati ya 12,000 na 15,000 walirudishwa kwao wagonjwa. Januari 1917 Smuts akaenda London akatangaza kwamba kazi karibu imekwisha. Ilibaki miezi ishirini na mbili! Miezi hiyo ilipiganwa na Keya, yaani KAR (King's African Rifles), askari Waafrika wa Mwingereza, waliokuwa chini ya 2,500 mwaka 1914 na wakavuka 30,000 kufikia 1918, pamoja na watu wa Nigeria, Gold Coast na India. Mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, Oktoba 1917, siku nne, Mwingereza alipoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya 5,000 hivi. Huko Smuts hakuwepo.

Wengine watasema hakuna aliyeshinda, maana von Lettow alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Sikatai kwamba vita viliamuliwa Ulaya. Lakini msinipambie huyo jenerali. Chakula chake kilitoka kwenye maghala ya wakulima kwa nguvu, na Mwingereza aliyemfuata akachukua kilichosalia. Ugogo ng'ombe na nafaka zilibebwa na pande zote mbili, mvua nazo zikakosa, ikaja njaa kuu iliyoitwa Mtunya. Watu wapatao 30,000 wanakadiriwa kufa wilaya ya Dodoma.

Naonyeshwa saa. India nilitaka kuipa nafasi ndefu, nitasema tu kwamba kushindwa Tanga Novemba 1914 kusitumike kufuta miaka minne ya kazi yao. Ureno nairuka. Visiwa vya Shelisheli sitaviruka: vilitoa wapagazi karibu 800, wakashushwa Kilwa, na kabla ya nusu mwaka kwisha zaidi ya 200 walikuwa wamekufa. Sierra Leone nayo ilituma wapagazi. Ziandikeni kwenye orodha, pamoja na Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi, Zambia, Msumbiji na Kongo, na ziandikwe kabla ya Afrika Kusini.

La mwisho ni deni. Mishahara ya wapagazi waliokufa bila jamaa zao kupatikana ilibaki serikalini, na madai ya kuirudisha kwa watu wao yalikataliwa London. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Daftari za wapagazi zilizosalia zina jina, jina la baba na jina la chifu. Zisomwe vijijini, chifu kwa chifu, kuanzia mwaka huu.

Nakaribisha maswali.