Badiliko Moja, Majina Matatu

Ndugu wasikilizaji, nimeandika ubaoni herufi nane: TTAGAGTG. Ni kipande cha jeni ya BRCA1. Wako watu waliozaliwa na kipande hiki kikiwa kimepungukiwa herufi mbili, AG, na upungufu huo huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Sasa niambieni, AG ipi imetoka? Futeni ya kwanza, inabaki TTAGTG. Rudisheni, mfute ya pili: inabaki TTAGTG ileile. Hakuna kipimo kitakachotofautisha.

Hapo ndipo majina yalipoanza kugongana. Maabara moja iliandika 185delAG, nyingine 187delAG, na leo tunaandika c.68_69del. Neno "del" lina maana kwamba herufi zimefutika. Hesabu ya zamani ilianzia herufi 119 kabla ya mahali ambapo maelekezo ya kuunda protini yanaanza. Ya sasa inaanzia papo hapo, na hiyo ndiyo kazi ya ile c. Kuhusu AG mbili, kanuni za kimataifa za HGVS, za kuandika majina ya mabadiliko ya jeni, zimekata shauri: herufi zikijirudia, iliyofutika ihesabiwe kuwa ya mwisho. Naipenda kanuni hii. Haidai kujua kilichotokea ndani ya seli. Inataka tu sote tuandike kitu kimoja.

Msidhani ni mambo ya makarani. Binti ameshika majibu yake yenye 68, na majibu ya zamani ya mama yake yenye 185. Asipopata wa kumweleza, atajuaje kwamba wamerithishana kitu kilekile? Ndiyo maana jina kamili hutaja pia mfuatano wa herufi uliotumika kuhesabia.

Selimundu nayo ina kisa kama hicho. Kwenye protini tunaandika p.Glu7Val, yaani asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) ya saba, glutamati, nafasi yake imechukuliwa na valini. Vitabu vya zamani vinasema ya sita, navyo havikukosea: vilihesabu hemoglobini, ndiyo protini yenyewe, iliyokwisha kukatwa methionini, asidi amino yake ya kwanza.

Kuainisha ni kazi nyingine. Kwa umbo, BRCA1 yetu imehama mpangilio, kwa sababu jeni husomwa herufi tatu tatu. Ukitoa mbili, kila kinachofuata kinasomwa kombo. Kwa athari, mwongozo wa Marekani wa 2015 una madaraja matano: badiliko linasababisha ugonjwa, huenda linasababisha, halijulikani, huenda halina madhara, halina madhara. "Huenda" hapo si neno la kubahatisha, ni uhakika wa zaidi ya asilimia 90.

Daraja la katikati ndilo linalonikosesha usingizi. Mtu akiambiwa "halijulikani", mara nyingi husikia "ni mgonjwa". Hajaambiwa hivyo. Ushahidi haujatosha, basi, na asikatwe kiungo kwa sababu ya jibu hilo peke yake. Ushahidi ukiongezeka daraja linaweza kubadilika, ingawa jina litabaki lilelile. Kwa hiyo aliyepewa jibu hilo miaka iliyopita ana haki ya kurudi na kuuliza tena.