Riba imeshuka, marejesho yangu mbona yaleyale?

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa Mbuyuni na Kiboriloni mlioacha vibanda kwa vijana mkaja kunisikiliza, asanteni. Mada niliyopewa leo hapa Moshi, riba ya mikopo, ni ndefu, nami sitaimaliza.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inatangaza riba yake kila robo mwaka. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Redio ikisema tu imeshuka, simu yangu haipumziki: "Mwalimu, mbona marejesho yangu ni yaleyale?" Yaleyale kwa sababu hukukopa Benki Kuu! Riba ile inaongoza bei ya mabenki kukopeshana wao kwa wao, kwa siku saba. Na mkataba ulioandikwa riba isiyobadilika haubadiliki, washushe wasishushe.

Toeni kalamu. Umekopa milioni 1.2 kwa mwaka mmoja. Ile robo ya asilimia iliyoshuka, hata ingekufikia yote, ni shilingi 3,000 kwa mwaka. Sahani ya wali nyama.

Sasa tuseme aliyekukopesha anatoza asilimia 3.5 kwa mwezi. Akikokotoa kwenye deni lililobaki, huku unapunguza laki moja kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 42,000, wa pili 38,500, mpaka wa mwisho 3,500. Jumla 273,000. Lakini wengi wenu mnakokotolewa kwenye mkopo wote tangu mwanzo. Mwezi wa kumi na mbili unadaiwa laki moja tu, bado unalipa riba ya milioni 1.2! Jumla 504,000. Asilimia ni ileile, mkopo uleule, tofauti 231,000. Na hapo sijagusa ada ya fomu, wala wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu, wanaodai kila wiki.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Utaniambia benki inataka hati ya nyumba, nawe una meza ya nyanya. Kweli kabisa, na sikutumi benki. Nenda SACCOS, chama cha akiba na mikopo, nenda VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, nenda popote, ila kabla ya dole gumba uliza: riba inahesabiwa kwenye deni lipi? Akianza kukuzungushia maneno, chukua mkoba wako uondoke.

Maana fedha hiyo unayolipa riba ungeitumia kununua kwa jirani yako. Mama anayelipa marejesho Ijumaa hanunui kitenge Jumamosi, na muuza kitenge akikosa mauzo naye anakwenda kukopa. Kwa watumishi wa serikali mambo yanageuka kidogo: mkopo ukiwa nafuu, mwalimu anaongeza deni, ananunua bati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anachekelea. Baadaye mwalimu huyohuyo, amebakiwa na theluthi ya mshahara baada ya makato ya mkopo, ananunua sukari robo kilo. Wauza sukari, mmenielewa.

Kupandisha riba nako kuna kazi yake: kunapoza mfumuko wa bei na kuishikilia shilingi. Nilitaka pia kuwagusia wenye akaunti za muda maalumu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, basi wataniwia radhi. Mwenye mkataba wake hapa aulete mezani, afunike jina, tuukokotoe pamoja. Kikokotoo ninacho.