Sekunde za Kuvuka Barabara

MWANAIDI: Karibu tena, msikilizaji. Leo ni wazee wanaoishi mjini, na nimemwomba kaka Shabani tusianzie kwenye pensheni wala makao ya wazee. Tuanzie mlangoni. Mzee ametoka nyumbani kwake, anataka kufika zahanati na kurudi. Mji unamwezesha?

SHABANI: Na mimi nilibisha, dada, kwa sababu ukiniambia kusaidia wazee, kinachonijia kwanza ni matibabu.

MWANAIDI: Matibabu atayapataje kama hafiki? Chukua kuvuka barabara tu. Katika nchi nyingi taa za vivuko hupangwa kwa kukadiria kwamba anayevuka anakwenda mita 1.2 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mtu mwenye magoti mazima. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2012 uliwaangalia watu wa miaka 65 na kuendelea, na wengi wao hawakuifikia kasi hiyo. Wastani wa wanaume ulikuwa mita 0.9, wa wanawake 0.8.

SHABANI: Hebu tupige hesabu. Barabara ina upana wa mita 12. Kwa kasi ya kwenye vitabu, sekunde 10 zinatosha. Bibi wa mita 0.8 anahitaji 15.

MWANAIDI: Kwa hiyo muda ukiisha bado ana mita 4 mbele yake, na madereva wameshaanza kuondoa miguu kwenye breki. Leo atavuka kwa hofu. Kesho atangoja mtu wa kumshika mkono. Baadaye atasema siendi, na familia itadhani amechoka tu kwa uzee. Hakuna kitakachoandikwa popote kwamba mama huyu amefungiwa ndani na taa ya barabarani.

SHABANI: Lakini mhandisi naye ana hoja yake. Ongeza sekunde 5 kwenye kila kivuko cha mji mkubwa, uone foleni.

MWANAIDI: Ni hoja ya kweli, na Singapore waliijibu vizuri. Tangu 2009 wana vivuko ambavyo mzee anagusisha kadi yake kwenye kifaa cha kwenye nguzo, kisha anaongezewa kati ya sekunde 3 na 13 kulingana na ukubwa wa kivuko. Pasipokuwa na mzee, taa inaendelea na muda wake wa kawaida.

SHABANI: Hiyo nimeipenda. Na pale ambapo hakuna fedha za vifaa vya namna hiyo, kuna kisiwa cha katikati ya barabara. Mtu anavuka nusu, anapumua, anamalizia.

MWANAIDI: Kabisa. Na akishavuka, anahitaji pa kukaa. Benchi ni kitu ninachoweza kukitetea mchana kutwa! Liwe na mgongo, na liwe na mikono pembeni ya kusukumia wakati wa kuinuka. Miji mingi inaweka mabenchi bustanini, mahali pa kupumzikia, ilhali mzee analihitaji katikati ya safari, kituoni, au nusu ya mlima. New York walianza mwaka 2011 kuweka mabenchi kandokando ya barabara, na wakazi wenyewe wanaruhusiwa kupendekeza yawekwe wapi.

SHABANI: Na choo. Tukiseme wazi, kwa sababu wazee wengi wanaona haya kukisema. Mtu mwenye kibofu kisichovumilia hupanga siku yake yote kwa kuangalia choo kiko wapi, na asipokuwa na hakika habanduki nyumbani.

MWANAIDI: Ujerumani kuna mpango ulioanzia mji wa Aalen. Manispaa inawalipa wenye migahawa na maduka kidogo, nao wanabandika alama mlangoni kwamba yeyote anaweza kuingia chooni bila kununua kitu. Usafi unabaki kwa mwenye nyumba, na manispaa haihitaji kujenga vyoo vipya kila kona.

SHABANI: Sasa nikuulize swali ambalo msikilizaji anaweza kuwa nalo. Mzee akibaki nyumbani, analetewa chakula, analetewa dawa, kuna ubaya gani?

MWANAIDI: Chicago, Julai 1995. Joto kali lilidumu siku chache na watu zaidi ya 700 wakafa, wengi wao wazee. Watafiti walipolinganisha waliokufa na majirani zao waliopona, waliona kwamba kuishi peke yako kuliongeza hatari, na kutotoka nje kila siku pia. Waliokuwa na usafiri wa kuwatoa walikuwa salama zaidi. Ndiyo maana naumia mtu akiniambia benchi na kivuko ni mapambo. Mtu anayetoka kila siku, watu wanamjua. Asipoonekana asubuhi, kuna atakayegonga mlango.

SHABANI: Na Ufaransa yakatokea makubwa zaidi mwaka 2003. Watu wapatao 15,000 walikufa kwa joto lile la Agosti, na hapo pia wazee ndio walioumia zaidi. Mwaka uliofuata sheria ikawataka mameya kuweka daftari la wazee na watu wenye ulemavu wanaoishi majumbani kwao. Mtu anajiandikisha kwa hiari yake, au ndugu anamwombea, na joto likipanda anapigiwa simu.

MWANAIDI: Daftari ni zuri, lakini lina tundu. Aliyetengwa zaidi ndiye mgumu zaidi kuandikishwa, na hasa siku hizi fomu zinapohamia kwenye intaneti. Naomba sana, kila huduma inayohamishiwa kwenye simu ibakiziwe dirisha lenye mtu wa kuongea naye.

SHABANI: Halafu aulizwe mzee mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, lilikuwa limekusanya maoni kutoka miji 33, na waliosikilizwa kwanza ni wazee.

MWANAIDI: Waulizwe wakiwa njiani, si kwenye ukumbi ulio ghorofa ya tatu. Afisa wa mipango miji atembee na mzee mmoja kutoka kwake hadi zahanati, kwa mwendo wa mzee, na aandike kila mahali waliposimama na sababu yake. Karatasi hiyo moja ingetosha kuanzia bajeti.

SHABANI: Sijagusa nyumba zenyewe, ngazi na bafu, na huko ndiko wengi huangukia.

MWANAIDI: Hilo tulipe kipindi chake kizima. Wiki ijayo, basi: ngazi, bafu, na nani alipie mshikio wa ukutani, mpangaji au mwenye nyumba.