Muziki Uliotobolewa Kwenye Kadibodi

Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni, ndugu zangu.

Wengi humu ukumbini mmeimba kwaya, na nota za do-re-mi mnazijua. Nota zile zinamtaka mtu azione, azielewe, ndipo afungue kinywa. Leo nawaletea maandishi ya muziki yasiyohitaji msomaji.

Ogani, yaani vinanda vya filimbi na upepo, za mitaani na za viwanja vya maonyesho kule Ulaya zilianza kwa gogo la mviringo lililopigiliwa misumari. Gogo likizunguka, misumari inafungulia filimbi upepo. Wazo ni la kale: ndugu watatu wa Banu Musa walieleza chombo cha aina hiyo kule Baghdad katika karne ya 9. Lakini gogo ni zito, ni ghali, na nyimbo zake ni chache. Mwaka 1892 kampuni ya Gavioli ya Paris ikapata hataza ya kutumia kadibodi yenye matundu. Wafumaji wa Lyon walikuwa wametangulia: tangu mwanzo wa karne ya 19 mtambo wa Jacquard ulifuata kadi zilizotobolewa kuchagua nyuzi za kuinua.

Kadibodi hiyo huitwa kitabu. Ni ndefu, hukunjwa huku na huku, na hupakwa shelaki, aina ya vanishi, iwe ngumu na isinywe unyevu. Kwa hewa yetu ya Dar, hilo si jambo dogo. Mahali tundu lilipo kwenye upana wa kadibodi ndipo panapoamua filimbi ipi ilie. Urefu wa tundu ni muda wa kulia.

Mpigaji akizungusha gurudumu, mivukuto inajaa upepo na papo hapo kitabu kinavutwa kupita kwenye safu ya vidole vidogo vya chuma, kila kimoja na springi yake. Kadibodi inavibana. Tundu likifika, kidole kinachomoza na kufungua kinjia chembamba cha upepo. Kidole chenyewe hakina nguvu ya kufungua vali kubwa, kwa hiyo upepo ule ndio unaoifungua, na filimbi inalia. Tundu likiisha kidole kinarudishwa, kimya. Matundu mengine hayana noti kabisa: yanapiga ngoma, au yanabadilisha safu za filimbi.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwenye tepu. Tepu imebeba sauti yenyewe. Ikichakaa, sauti nayo inachakaa. Kadibodi haina sauti ndani yake, ina amri. Kitabu kikuukuu ukikilaza juu ya kadibodi mpya, ukachora matundu na kuyakata sawasawa, umeupata muziki wote bila kupungua. Vijana wa studio wanaotumia midi, lugha ya kuamrisha vinanda vya umeme na kompyuta iliyoanza mwaka 1983, wanafanya jambo lilelile: faili lao linaagiza noti ipi ianze na iishe lini.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika kazi hii ni anayepanga matundu. Filimbi hulia kwa nguvu ileile daima, kwa hiyo akitaka mkazo anaifupisha noti iliyotangulia, kimya kidogo kiitangulie inayofuata. Noti ikirudiwa, lazima aache kipande cha kadibodi katikati, vinginevyo mbili zinakuwa moja. Ogani ndogo hazina noti zote, hivyo wimbo huupanga upya. Huyo ni mwanamuziki kamili.

Natamani sana kijana wa hapa apange dansi letu kwa njia hii. Magitaa yanayojibizana yatakaa vizuri, maana noti zake ni fupi na zinaachana wazi. Taarabu itamtesa: fidla na mwimbaji huteleza kati ya noti na noti, na huko katikati kadibodi haina pa kutobolewa.